Mtu wa Kukaa na Feliksi

Gungu, Kigoma
28 Aprili 2024

Mdogo wangu Elikana,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana nikikusubiri wewe tutafika mwakani. Sisi huku hatujambo. Mvua zimetunyoosha mwaka huu, ziwa limepanda mpaka limezimeza zile nyumba za chini tulizokuwa tukipita utotoni. Shangazi Verediana wa Kalinzi anakusalimu. Mguu bado unamsumbua, ila mdomo ni mzima kabisa. Mwanangu Marcelina amejifungua salama huko Uvinza, mtoto wa kike. Kwa hiyo mimi sasa ni bibi na wewe ni babu, anza kutafuta mkongojo.

Najua unajiuliza nani bado ananunua stempu zama hizi. Umenilazimisha wewe. Kwenye simu, tukifika tu kwenye jina la Feliksi, mtandao wa Newala unaanguka. Nimechoka kupiga kelele za "haloo, haloo" majirani wakinisikiliza. Barua haina mtandao, hii utaisoma mpaka mwisho.

Kaka yako hajambo. Ndevu zimeanza mvi kabla ya nywele zangu za kichwani. Tangu tumzike mama hujakaa nyumbani, kwa hiyo kazi ya Siwema hujaiona kwa macho yako. Siwema ni yule mama wa Kikongo aliyeajiriwa na mradi wa kuwatembelea majumbani watu wenye ulemavu wa akili kama Feliksi. Hakujenga kituo, hakuleta vifaa. Alitembea tu na Feliksi, asubuhi baada ya asubuhi, kutoka kwangu hadi mwaloni Kibirizi ninakoanika dagaa, na kila penye kona au hatari akatafuta mtu wa kumpokea. Mama Christian wa vitumbua anampa mkono, anamwamkia kwa Kiha, "Mwakeye Feliksi, pita." Anapita. Gasper, fundi cherehani, anamgusa bega na kumvusha barabara ya bodaboda. Mwaloni anapokelewa na Hamdani mwenye stoo, anayemkabidhi ndoo na kumwambia, "Osha, anika." Basi Feliksi anaosha mchanga kwenye dagaa wabichi, anawatandaza kwenye vichanja vya akina mama, kimoja baada ya kingine, mpaka jua linakuwa kali.

Siwema alitukataza kubadilisha hata neno. Alisema Feliksi anaweza kujifunza jambo lolote, mradi watu wote wa njiani wamfanyie vilevile kila siku. Ilitugharimu karibu mwaka mzima. Lakini yule aliyekuwa akishinda uani akijigonga kichwa ukutani, leo asipoonekana mwaloni akina mama wanamuulizia. Ningetamani mama angeliona hilo.

Sasa tufike kwenye shida. Mradi umefungwa mwezi uliopita, wafadhili wameondoka. Siwema anauza mawese, na kwetu anakuja kwa mapenzi yake tu. Halafu tarehe kumi na tano Mei ziwa linafungwa miezi mitatu ili samaki wazaane. Bila dagaa mimi sina kazi. Shangazi amenitafutia kibarua cha kuchuma kahawa Kalinzi, lakini wachumaji wanalala wote banda moja, watu wasiojuana, na Feliksi akilala mahali pageni anapiga mayowe mpaka sauti inakauka. Niliwahi kujaribu, hukuwepo.

Sikuombi hela. Sikuombi umchukue. Shule zenu zinafunga Juni. Nakuomba uje ukae naye hapa nyumbani, umwamshe, umpe uji, umsindikize mpaka kwa Mama Christian, nami niende nikachume. Ni mwezi mmoja tu, Elikana, na ni kaka yako.

Nakuacha, wanaita huko nje.

Dada yako,
Winfrida


Newala, Mtwara
16 Mei 2024

Mpendwa dada Winfrida,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya kufidia zote zilizomezwa na mtandao. Barua yako ilikaa ofisi ya mwalimu mkuu wiki nzima chini ya magazeti, ndipo nikaletewa. Nimefurahi mno kusikia habari ya Marcelina. Mkongojo nitautafuta, miti ipo mingi huku.

Sisi tunaendelea vizuri. Upepo wa huku juu ni mkali, asubuhi tunafundisha tumevaa makoti. Mke wangu Elida anakusalimu sana. Nguo zake zimeanza kumbana, anachoka mapema siku hizi na hataki kabisa kusikia harufu ya samaki. Nadhani umenielewa. Wazazi wake wamefurahi kupita kiasi, mama yake kahamia kwetu kabisa.

Kuhusu yale uliyoyaandika, nimeyasoma kwa makini. Kwanza nampongeza mama Siwema. Huduma inayomkuta mtu katikati ya jamii yake ndiyo inayohimizwa siku hizi. Pili, nashauri ufuatilie manispaa kama kuna mpango mwingine unaochukua nafasi ya ule uliofungwa. Ni haki ya Feliksi, usione aibu kuulizia. Tatu, mwalimu mwenzangu anafahamu nyumba moja ya kulelea watu wa namna hiyo, iko mkoa mwingine, wanalala hukohuko na wanatunzwa. Ukiona inafaa nitamwomba maelezo.

Kuhusu Juni, ratiba ya darasa la saba bado haijatoka. Ikitoka nitakujulisha. Msalimie kaka.

Mdogo wako mtiifu,
Elikana


Gungu
2 Juni 2024

Elikana,

Hatujambo, namshukuru Mungu. Mpe Elida pongezi zangu. Mwambie atafune tangawizi mbichi, mimi ilinisaidia kwa Marcelina. Kumbe ndiyo sababu mama mkwe amehamia. Pole, sasa utakula kwa adabu.

Barua yako ina kwanza, ina pili, ina tatu. Umeniandikia kama natahiniwa. Manispaa nimekwenda, wamenipokea vizuri, wameniambia jambo hilo liko kwenye mipango. Na hiyo nyumba ya kulelea usinitajie tena. Feliksi si kuku wa kupelekwa kwa mtu amtunze. Nyumba anayo, aliijenga baba yetu.

Ziwa limefungwa. Sibishi, hata sisi tumeona kwa macho yetu dagaa walivyozidi kuwa wadogo. Mitumbwi imepandishwa mchangani, wavuvi wanatia viraka nyavu. Akina mama wenzangu wametawanyika, wengine mashambani, wengine kwenye mawese. Ila kaka yako bado anaamka saa ileile. Anasimama mlangoni na kofia yake, namwambia leo hakuna kazi, ananitazama tu. Anakwenda. Hamdani alimhurumia, siku za kwanza akawa anampa ndoo. "Osha, anika." Feliksi akaosha ndoo yenyewe. Kisha akaanza kupapasa vichanja vitupu, kimoja hadi kingine, akisimama kila kimoja muda mrefu. Siku ya pili akaanza kulia. Hamdani akasema hawezi kutazama jambo hilo, sasa ndoo anaificha.

Nilimwambia Siwema tumfundishe kubaki nyumbani kwa muda. Siwema akasema, "Dada, kwa muda haifundishwi. Atajifunza kwenda au atajifunza kubaki." Basi tukaacha aende. Lakini njia yenyewe imeanza kutoboka. Mama Christian siku nyingine hapiki kwa kuwa hana wateja, na Feliksi akifika asimkute anasimama palepale barabarani mpaka mtu amfuate.

Shangazi ameniletea ujumbe kwamba kahawa imeiva na nafasi yangu haitanisubiri. Nimekuuliza swali moja tu, nawe ukanijibu matatu ambayo sikuuliza. Utakuja au huji?

Winfrida


Newala
17 Juni 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kwa haraka, unisamehe. Hali zetu ni nzuri kiasi. Elida alilazwa kidogo, sasa yuko nyumbani, ameambiwa asishtuliwe na jambo lolote. Asante kwa tangawizi, imemsaidia.

Ratiba imetoka. Darasa la saba wanabaki kambini likizo yote, na mwalimu wa hisabati ni mimi peke yangu. Nimejaribu kuomba ruhusa. Kwa hiyo Juni haitawezekana. Nakuahidi Agosti. Agosti bila kukosa.

Je, Siwema hawezi kukaa naye mchana, wewe ukaenda Kalinzi na kurudi mwisho wa wiki? Naamini mtapata njia. Wewe siku zote umepata njia.

Elikana


Gungu
5 Julai 2024

Elikana,

Salamu utajipa mwenyewe leo.

Nilifanya kama ulivyosema. Usidhani nakusukumia lawama, hata mimi nilikuwa nimeshawaza hivyohivyo kabla barua yako haijafika. Nilikwenda Kalinzi, Siwema akawa analala hapa na kushinda naye, asubuhi anamsindikiza mwaloni na kumrudisha, mchana wanauza mawese pamoja barazani. Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Wiki ya pili Siwema akashikwa na malaria, homa ikamlaza chini hajitambui. Feliksi akavaa kofia yake akatoka.

Njiani siku hiyo hakukuwa na mtu wa kumpokea, lakini si kwamba hajui njia. Alifika mwaloni. Stoo ya Hamdani ilikuwa wazi, mwenyewe amekwenda kuswali. Ndani mlikuwa na magunia ya dagaa wakavu, wale aliowanunua kabla ziwa halijafungwa, akiwahifadhi auze wakati huu ambao hakuna wengine. Maisha yake yote yalikuwa mle, na watoto wake wote wanakula mle.

Feliksi aliipata ndoo ilikofichwa. Elikana, aliwaosha. Alibeba wale dagaa wakavu ndoo baada ya ndoo, akawaosha ziwani vizuri kama alivyofundishwa, akawatandaza kwenye vichanja. Alianza na kichanja changu, akafuata cha mwenzangu Rozalia, akafuata cha jirani yake, hakumruka mtu. Wanaosimulia wanasema aliwapanga vizuri ajabu na alikuwa akiimba. Unajua mwenyewe dagaa aliyekwisha kukauka akilowa tena anakuwaje. Vichwa vinakatika, tumbo linapasuka, kufika jioni ni uvundo na nzi.

Vijana waliokuwa wakishona nyavu si wa hapa, hawamjui. Wakapiga kelele za mwizi. Hamdani alirudi akawakuta wanampiga kwa makasia. Aliwazuia, hilo sitamnyima. Alimlalia juu kwa mwili wake mpaka wakaacha. Kisha akageuka akaona vichanja vyake, akakaa chini mchangani akalia kama mtoto, na Feliksi, damu ikimtoka sikioni, akaenda akamwonyesha ndoo. Alitaka asifiwe.

Nililetewa habari kwa bodaboda. Nilipofika alikuwa hospitali, ameshonwa. Mkono umevunjika. Sikio la kushoto wanasema huenda lisisikie tena.

Hamdani hakudai kitu. Angalau angedai, ningepata la kubishana naye. Alisema tu, "Dada Winfrida, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini asikanyage tena huku. Mara nyingine sitakuwepo, watamuua." Majirani wa njia nzima wakakaa kwenye baraza ya Gasper, na wote wakasema hivyohivyo. Ndipo Siwema akasimama, bado anatetemeka kwa homa. Akasema kama tumeamua arudishwe, basi wote tumrudishe kwa neno moja, tusimchanganye. Neno ni "Rudi nyumbani, Feliksi." Mama Christian aseme hivyo na amgeuze mabega. Akimpita yeye, Gasper aseme hivyo na amgeuze. Siwema aliyasema hayo akilia. Mimi nilikubali, Elikana. Ningekuwa na mtu wa kumwangalia nisingekubali.

Kalinzi sirudi. Tunakula mihogo ya shangazi.

Winfrida


Newala
22 Julai 2024

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na pole. Nimeisoma barua yako nyuma ya choo cha walimu, maana sikutaka mtu anione. Sijapata usingizi tangu siku hiyo. Wale vijana washitakiwe. Mtu mwenye ulemavu ana ulinzi wa sheria, na kikao cha barazani hakina mamlaka ya kumfungia mtu ndani. Nimeanza kuandika malalamiko kwa mkurugenzi, nitakutumia nakala usaini. Mwambie kaka kwamba nampenda. Mwambie sikio la kulia, sawa?

Agosti naona ugumu kidogo, kwa kuwa kijiografia ni mbali na Elida anakaribia. Lakini nia ipo palepale.

Kuna jambo dogo. Elida amechukua namba yako kwenye simu yangu, anataka kukusalimia, anasema haiwezekani awe hajawahi kusikia sauti ya wifi yake. Atakupigia siku moja. Habari za Feliksi naomba uniachie, nitamweleza mimi mwenyewe wakati ukifika. Mama mkwe ni mtu wa maneno, na kliniki walishaanza kuuliza maswali kuhusu koo zetu. Unaelewa hali aliyonayo, asishtuliwe.

Mdogo wako,
Elikana


Gungu
9 Agosti 2024

Elikana,

Tunaendelea. Mkono umefunguliwa plasta, umepinda kidogo. Shangazi alishuka Jumapili na mkungu wa ndizi akalia tangu alipoingia hadi alipotoka, nikawa na wagonjwa wawili.

Hayo malalamiko usiyalete. Wale vijana wameshaondoka, na hao wengine unaotaka kuwashitaki ndio wanaoniletea unga.

Elida alinipigia. Ana sauti nzuri, ya upole, nimempenda. Alinipigia mchana, tulikuwa tumekaa mkekani mimi na Feliksi, tunachambua maharage. Akanisalimu, tukacheka, tukazungumza tangawizi. Kisha akasema, "Wifi, samahani, kliniki wameniuliza nikashindwa kujibu, mume wangu ananichekesha tu. Hivi kwenu mmezaliwa wangapi?"

Nilimtazama Feliksi. Alikuwa ameshika punje moja yenye doa, anaigeuzageuza.

Nikasema, "Wawili. Mimi na mume wako."

Hapo Feliksi akacheka, unajua kicheko chake kilivyo. Elida akauliza ni nani anayecheka. Nikasema ni mtoto wa jirani. Akasema, "Ana furaha huyo." Nikasema ndiyo, ana furaha.

Sijui Feliksi alielewa nini. Siku zote watu wanasema haelewi, na siku zote mimi ndiye ninayebisha. Safari hii niliomba Mungu wao wawe sahihi. Aliendelea na maharage yake mpaka yakaisha.

Sikulaumu kwa kumficha. Nilidhani nitakulaumu, nikajitafuta moyoni sikuiona hasira. Wewe umemficha mbali, mimi nimemkana akiwa ameketi karibu yangu, goti lake limegusa langu. Ninachokulaumu ni kile nilichokuomba Aprili. Ungekuja Juni, hata kwa siri, hata kwa kuwadanganya wakwe zako kwamba unakwenda semina, haya yote yasingekuwepo. Nakuambia waziwazi ili usije ukasema dada hakuniambia.

Wanasema ziwa litafunguliwa tarehe kumi na tano. Nina matumaini kidogo. Nitakuandikia.

Winfrida


Newala
26 Agosti 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Elida amejifungua salama, mtoto wa kiume, mzima kabisa. Madaktari wamemkagua kila kiungo, hana kasoro yoyote. Nimefurahi mpaka nikashindwa kufundisha.

Dada, asante kwa ulivyomjibu Elida. Ulinisitiri. Najua haikuwa rahisi, sitaisahau fadhila hiyo.

Sasa nina amani ya kupanga. Nimeomba likizo Desemba. Nitakuja peke yangu, wiki tatu nzima, nitakaa na kaka Feliksi nawe utakwenda popote unapotaka, Kalinzi, Uvinza kumwona mjukuu, hata ukalale tu. Safari hii si maneno. Nimeshaongea na mwalimu mkuu. Niambie tu kama tarehe za mwanzo wa mwezi zinakufaa.

Umesema una matumaini na kufunguliwa kwa ziwa. Imekuwaje?

Elikana


Gungu
15 Septemba 2024

Mdogo wangu Elikana,

Hongera ya mtoto. Mungu amkuze, awe na afya na moyo mwepesi. Sijaona umeandika jina lake, nadhani ni furaha. Hongera na kwa mama yake, alihangaika.

Unauliza imekuwaje. Ziwa limefunguliwa na dagaa wamekuja kwa wingi, wanene, hata wazee wanashangaa. Akina mama wote wamerudi kwenye vichanja vyao. Na Hamdani alikuja hapa nyumbani mwenyewe, nami nikadhani amekuja kuongeza sharti. Akakataa kukaa. Akasema, "Mlete bwana. Vijana wa sasa ni wa hapahapa, wanamjua. Mimi mwenyewe nitakuwa naye, stoo nimeweka kufuli." Nilimbusu mikono, akaona haya. Siwema akaacha mawese yake, akapita kwa watu wote wa njiani kuwaambia waanze tena maneno ya zamani. Wote walikubali, hakuna aliyenung'unika. Mama Christian aliamka akapika vitumbua vya bure.

Asubuhi nikamvalisha kofia, nikamshika ule mkono mzima, tukatoka. Tulipofika kwa Mama Christian, akanyoosha mkono wake, uso umejaa tabasamu. "Mwakeye Feliksi, pita."

Hakupita. Alimtazama, akageuza mabega yake mwenyewe, akarudi nyumbani. Hakukimbia, hakulia. Alirudi taratibu kama mtu anayefanya kazi yake, akafika, akaketi mkekani, akaniangalia aone kama amefanya vizuri.

Tumejaribu kila asubuhi tangu siku hiyo. Siwema alimzungusha kwa njia ya nyuma akakutana na Gasper, Gasper akamgusa bega, naye akageuka papo hapo. Hamdani alileta ndoo mpaka hapa, na ndani ameweka dagaa wabichi. Feliksi aliipokea, akaiweka nje ya mlango, akaingia ndani. Siku hizi hafiki hata kwa Mama Christian. Anafika kizingitini anageuka. Siwema anasema tutaanza upya kama tulivyoanza, lakini anasema akitazama chini. Safari ile alikuwa analipwa, na Feliksi alikuwa bado anataka kujua kilichoko ng'ambo ya barabara.

Hajigongi kichwa. Halii. Hata kucheka kumepungua. Majirani wanasema ametulia sasa, wanamshukuru Mungu, na wanasema kwa nia njema.

Kuhusu Desemba, njoo ukipenda, nyumba ni yenu. Ila usiombe likizo kwa ajili yake. Mwezi wa nne nilikuomba mtu wa kukaa na Feliksi. Sasa hahitaji mtu. Asubuhi namwekea uji, nauacha mlango wazi, nateremka mwaloni kuanika. Nikirudi jioni namkuta palepale nilipomwacha.

Mnibusie mtoto.

Dada yako,
Winfrida